Maswali ya Wasomaji: Kuzuru Kiwanda cha Chai

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kiwanda cha chai cha Ragati, katika kaunti ya Nyeri, na chini yake tukaandika kwamba hicho ndicho kiwanda cha kwanza kilichojengwa nchini Kenya kwa ajili ya wakulima wadogo, mwaka 1957, na kwamba mitambo yake ingali inazunguka. Picha hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala iliyokuwa kando yake. Tumechagua tano.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Kisauni, Mombasa. Wanafunzi wangu hunywa chai asubuhi na jioni, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mchai shambani. Ningependa kuwapeleka kwenye kiwanda cha zamani ambacho bado kinafanya kazi. Niende kipi, na ruhusa niiombe kwa nani?

Mwalimu, swali lako lina majibu matatu, na nitakupa yote kabla ya kukuambia ni lipi ningelifuata mimi.

Ukitaka kuanzia chanzo kabisa, nenda Limuru. Huko ndiko mbegu za kwanza za chai, zilizoletwa kutoka India, zilikopandwa mwaka 1903 na mlowezi aliyeitwa Caine, na katika shamba la Mabroukie ipo michai ya wakati ule ambayo iliachwa bila kupogolewa ikakua ikawa miti mizima. Mwanafunzi anayedhani kwamba mchai ni kichaka kifupi kwa maumbile yake atatambua pale kwamba ufupi ule ni kazi ya panga na ya vidole vya wachumaji. Huko Limuru pia yapo mashamba yanayopokea wageni kwa matembezi na chakula cha mchana, ila uulize mapema, kwa sababu shamba linaweza kuwa na chai bila kuwa na kiwanda, ukajikuta umesafirisha darasa zima kwenda kula wali katika bustani nzuri.

Ukitaka ukubwa, nenda Kericho, ambako kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilianza kilimo cha kibiashara katikati ya miaka ya 1920, na ambako ukisimama kilimani huoni mwisho wa shamba.

Mimi ningekwenda Ragati. Viwanda vya walowezi vilijengwa katikati ya mashamba yao wenyewe, jani likitoka kwa tajiri na kuingia kwa tajiri yule yule, lakini Ragati kilijengwa kupokea majani ya watu ambao miaka michache tu kabla yake hawakuruhusiwa kupanda mche mmoja wa chai. Kwa somo la Jiografia, na hata la Historia, sioni mahali panapofundisha zaidi. Jambo hili nitalirudia hapa chini, maana yuko msomaji mwingine aliyeligusa kwa karibu kuliko mimi na wewe.

Kuhusu ruhusa, mwandikie meneja wa kiwanda barua rasmi yenye mhuri wa shule, ukitaja idadi ya wanafunzi, umri wao na tarehe mbili au tatu unazoweza kufika. Usitegemee kugonga lango na kuingia, kwa sababu ndani mnatengenezwa chakula cha watu na mitambo ni ya hatari. Usiwaingize wanafunzi arobaini kwa mkupuo mmoja. Njia zilizo kati ya mashine ni nyembamba, na wale wa nyuma watarudi nyumbani wakiwa wameona migongo ya wenzao. Wagawe makundi madogo, kundi moja likiwa ndani na jingine likiwa shambani na mchumaji. Na mkisharudi Mombasa, somo lenu halitakuwa limekwisha, kwa kuwa mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa mjini kwenu mwaka 1969, na chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda na ya nchi nyingine jirani huuzwa hapo kwa dola kabla haijapakiwa melini.

Ndugu Mhariri, mwaka jana nilipowatembelea wakwe zangu Kericho, shemeji yangu alinipeleka kiwandani saa nne asubuhi. Mwelekezaji alisema mengi lakini kwa kelele za mashine sikusikia hata neno. Niliona majani mabichi upande mmoja na magunia upande wa pili. Yaliyo katikati sikuyaelewa. Tena sikuona hata lori moja likileta majani. Je, nilifika siku mbaya? Msomaji, Dar es Salaam.

Siku ilikuwa njema, ndugu yangu. Saa ndiyo iliyokuponza.

Kiwanda cha chai hakifuati saa ya ukutani, kinafuata jani. Wachumaji huingia shambani asubuhi, wakichuma majani mawili na chipukizi lake, kisha kila mkulima hubeba kikapu chake hadi kituo cha kununulia, ambako karani huyapima na kuyakagua kwa macho na kwa mkono, akiyakataa yaliyokomaa. Kutoka hapo majani husafiri ndani ya magunia yaliyotundikwa kwenye ndoano ndani ya lori, hayalundikwi, kwa sababu jani lililobanwa hupata joto na kuanza kuwa jekundu kabla ya wakati wake. Malori hayo kwa kawaida hufika mchana na jioni. Majani hulala kiwandani usiku kucha yakinyauka, na yale uliyoyaona yakiingia kwenye mashine saa nne asubuhi yalikuwa ya jana. Mgeni anayetaka kuona safari yote afike saa nane au saa tisa mchana, akubali kuchelewa kurudi, na asione haya kukaa mpaka taa ziwashwe.

Sasa nikueleze yale ya katikati.

Kwanza ni kunyausha. Majani hutandazwa katika mahori marefu yenye wavu chini, na feni kubwa hupuliza hewa kupitia wavu huo kwa saa kumi na mbili au zaidi. Zamani kazi hii ilifanyika ghorofani, majani yakitandazwa juu ya rafu za nguo au nyavu na upepo wa mlimani ukiingia wenyewe. Ndiyo sababu majengo ya zamani ya chai, tangu India na Sri Lanka hadi kwetu, ni marefu na yana madirisha mengi kupita kiasi. Hapa ndipo mahali pa kumwomba mwelekezaji asimame na kueleza mambo yote kabla hamjashuka kwenye mitambo, kwa kuwa feni hazina kelele kama za mashine. Ukiruhusiwa, chukua konzi ya majani, uyafumbate kwa nguvu, kisha ufumbue mkono. Majani mabichi hufyatuka mara moja na vikonyo vyake hukatika kwa mlio. Yaliyonyauka sawasawa hubaki kama donge laini linalofunguka polepole, na kikonyo hupinda bila kuvunjika. Harufu nayo imekwisha kubadilika, ile ya nyasi zilizofyekwa imeondoka na imekuja nyingine iliyo karibu na ya tunda lililoanza kuiva.

Kisha zinakuja zile kelele. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa mashine ambazo watu wa viwandani huziita CTC, zilizobuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na meneja wa kiwanda aliyeitwa William McKercher. Ni rola mbili za chuma zenye meno makali, zikizunguka kwa kuelekeana, moja upesi na nyingine polepole, na jani linalopita kati yake hupondwa, huchanika na kujiviringisha likawa chembe. Hupitishwa rola jozi kadhaa, moja baada ya nyingine. Simama mwanzoni mwa mstari utaona jani. Tembea hatua chache mpaka mwisho wake utaona kitu kama unga mbichi wa kijani, wenye unyevu, unaonata vidoleni.

Unga huo ukishaiva ndio chai, na huiva bila moto. Wenyeji wa kiwanda husema unachachuka, ingawa hapo hamna hamira wala pombe. Jani likishapasuliwa, utomvu wake hukutana na hewa, nalo hugeuka rangi kama ndizi iliyomenywa na kuachwa mezani. Hewa yenye unyevu hupulizwa chini yake kwa muda wa kama saa moja na nusu, na kijani hufifia, huja rangi ya manjano iliyokolea, kisha rangi ya shaba. Msimamizi mzuri hatazami saa peke yake. Anaokota chembe chache, anazinusa, anazitandaza kiganjani mbele ya taa, na kwa jicho lake huamua kama zimefika. Zikiwahi kutolewa, chai itakuwa na ukali mbichi unaokwaruza ulimi. Zikicheleweshwa, itakuwa na rangi nzito lakini imepoa, haina uhai. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kusimama katika kiwanda kizima kwa dakika kumi, ningesimama hapa.

Moto huja baadaye, ili kuyasimamisha mabadiliko hayo. Hewa ya moto hupitishwa katikati ya chembe mpaka zinaruka kama zinazochemka, na zinapotoka upande wa pili zimekuwa nyeusi, zimebakiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi. Wageni wengi wakiona bomba la moshi na marundo ya kuni za mikaratusi uani hudhani kwamba chai hukaushwa kwa moshi. Sivyo. Kuni huchemsha maji katika boila, mvuke wake hupasha hewa, na hewa hiyo safi ndiyo inayoigusa chai. Moshi hupita njia yake.

Mwisho ni kuchambua na kupepeta. Yapo marola laini yanayosuguliwa yakapata umeme tuli, nayo hunyanyua nyuzi nyepesi za vikonyo na kuziacha chembe za chai, sawasawa na kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi baada ya kuchania nywele. Nyavu hugawa chembe kwa ukubwa: BP1 ndizo kubwa, PF1 ni ndogo kidogo na ndizo nyingi zaidi, kisha PD na D1. Hiyo D1, inayoitwa vumbi, isikutishe. Jina hilo linataja udogo wa chembe, halitaji uchafu, na ndiyo inayotoa rangi upesi sufuriani.

Usiondoke bila kuomba kuona chumba cha kuonjea. Ni chumba kidogo, kimya, chenye meza ndefu na vikombe vyeupe vilivyopangwa kwa mstari. Kwa kipimo kinachofuatwa kimataifa, gramu 2 za chai huwekewa mililita 100 za maji yanayochemka, huachwa dakika 6, kisha mwonjaji huivuta kwa kijiko kwa sauti ambayo mama zetu wangetukanya nayo mezani, huizungusha mdomoni na kuitema.

Kwako Mhariri. Mwanangu alinichukua kuzuru kiwanda huko bara. Kabla ya kuingia nilivuliwa bangili na pete, nikafungwa kilemba cha karatasi, na kisha dada mmoja akaniambia kwa upole kwamba asumini zangu nizivue nje na kwamba buibui langu linanukia udi mno. Nilivunjika moyo. Je, hiyo ndiyo adabu ya kupokea wageni? Mama, Lamu.

Shikamoo mama. Pole kwa yaliyokufika, lakini dada huyo alikuwa akiilinda chai, na wala hakukusudia kukudharau. Pete na bangili ni jambo la wazi, kwa kuwa kito kikidondoka kwenye rola kitaharibu meno yake, au kitatokea kikombeni mwa mtu. Kuhusu manukato, chai kavu hunywa harufu iliyo karibu nayo kama kitambaa kinywavyo maji, na ikishainywa haiachi. Wachina wamelijua hilo tangu zamani, nao huchanganya majani ya chai na asumini mbichi usiku kucha kwa makusudi ili chai inukie. Kwa hiyo hizo asumini zako zilifukuzwa kwa sababu zina nguvu, si kwa sababu ni mbaya.

Mimi mwenyewe niliwahi kufika kwenye kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, nikiwa nimejipulizia manukato niliyoletewa zawadi kutoka Muscat. Msimamizi alinisogelea, akavuta pumzi mara moja, kisha akanionyesha bomba la maji na kipande cha sabuni isiyo na harufu, bila ya kusema neno. Nilinawa shingo na mikono mbele ya madereva wa malori. Tangu siku hiyo nikienda kiwandani huvaa shati lililofuliwa kwa maji matupu. Nawe mama, ukienda tena, udi uufukize ukisharudi.

Mhariri, nimekuwa nikipeleka majani kituoni kwa miaka 18, na baba yangu kabla yangu. Kiwanda nakiona bomba lake kila siku kutoka shambani kwangu, lakini ndani sijawahi kuingia. Hao watalii wanaingia kama nani, na mimi niingie kama nani? Mkulima, Murang'a.

Mzee wangu, wewe ingia kama mwenye nyumba.

Ile historia niliyomdokezea mwalimu wa Kisauni ni yako. Kwa miongo kadhaa baada ya chai kufika Kenya, serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuilima, kwa kisingizio kwamba majani yao yangeharibu sifa ya chai ya nchi. Mlango ulifunguliwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, na Ragati kikajengwa mwaka 1957. Mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwasimamia wakulima wadogo, na mwaka 2000 likaacha kuwa la serikali, viwanda vikawa kampuni ambazo wenye hisa wake ni wakulima. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000. Ikiwa kiwanda unachokipelekea majani ni kimojawapo cha hivyo, na una hisa ndani yake, mkurugenzi wa eneo lako uliyempigia kura ndiye wa kumwambia kwamba unataka kuingia na kuona. Waende wakulima kumi wa kituo kimoja pamoja. Ombi la kumi halipuuzwi kama la mmoja.

Na ukiingia, usitembee kama mtalii. Uliza maswali ya mwenye mali. Jani bichi lina maji mengi, takriban robo tatu ya uzito wake au zaidi, na kwa kawaida kilo 4.5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Kikapu chako cha kilo 18, basi, kinatoka kule mwisho kikiwa kilo 4, ambazo kwa kipimo cha chumba cha kuonjea, kwa kikombe kidogo cha mililita 100, ni vikombe 2,000. Waulize wao wanapata uwiano gani, na kama ni mbaya kuliko huo, ni kwa sababu ya majani yaliyokomaa, mvua au uzembe. Uliza chai ya mwezi uliopita ilipata bei gani mnadani Mombasa na daraja lipi lilivuta bei chini. Uliza kuni zinanunuliwa kwa nani na zinakaushwa kwa muda gani, kwa kuwa kuni mbichi hula fedha za bonasi yako kimyakimya. Meneja mwema atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi pia atakuwa amekujibu.

Nakuomba pia usimame mahali pa kuonjea, hata kama hawajakualika. Miaka 18 umekuwa ukilipwa kwa uzito peke yake, na pale mezani utaona tofauti ya kikombe kilichotokana na majani mawili na chipukizi na kile ambacho mtu fulani, kwa haraka za jioni, alichanganya jani la nne na la tano.

Ndugu Mhariri, sisi wa Tanga tusafiri mpaka Nyeri kuona kiwanda cha chai? Nimeambiwa hata Usambara kuna chai. Niende lini na nibebe nini? Msomaji, Tanga.

Umeambiwa kweli. Wajerumani walijaribu chai Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1904, ikiwa ni mwaka mmoja tu baada ya ile ya Limuru, na kilimo chake cha kibiashara kikashika kasi katika miaka ya 1920 chini ya Waingereza. Hadi leo milima ya Usambara, pamoja na Mufindi, Njombe na Rungwe huko kusini, ndiyo makao ya chai ya Tanzania. Kwa hiyo una kiwanda karibu na kwako kuliko unavyodhani, na barabara ya kupanda Amani kupitia Muheza yenyewe inatosha kuwa safari.

Tahadhari yangu ni moja. Viwanda kadhaa vya Tanzania vimebadilisha wamiliki, vingine vimesimama kwa miezi au kwa miaka na kuamka tena, na hakuna kitu kinachosikitisha kama kiwanda cha chai kisicho na majani. Nenda msimu wa mvua au mara tu baada yake, wakati michai inachipua kwa wingi, si wakati wa kiangazi kikali. Ukipiga simu usiulize wanafungua saa ngapi, kwa kuwa mlinzi atakujibu kwamba lango liko wazi, na lango litakuwa wazi kweli. Uliza kama majani yanaingia siku hiyo, na malori hufika saa ngapi. Na ubebe sweta. Amani si Ngamiani.